Jabal Akhdar si kilele cha kupanda na kushuka

Juzi tena, mgeni kutoka Mombasa kaniambia: "Tukifika kileleni Jabal Akhdar, tusogee Jabal Shams tupige picha, halafu tushuke Nizwa tule mchana." Kazi yangu ni kuongoza wageni katika mkoa wa Dakhiliya, Oman, na maneno hayo yamenichosha.

Jabal Akhdar hauna kilele kimoja cha kufikia. Wataalamu wa miamba wakilitaja jina hilo, wanakusudia safu nzima ya katikati ya milima ya Hajar, na humo ndimo ulimo Jabal Shams, mrefu kuliko yote Oman, takriban mita 3,000. Dereva wa Nizwa akilitaja, anakusudia uwanda wa Sayq na vijiji vyake, kiasi cha mita 2,000. Serikali nayo ina maana yake: tangu 2022 Jabal Akhdar ni wilaya kamili yenye liwali wake. Kabla ya hapo ilikuwa chini ya Nizwa, ndiyo maana ramani nyingi bado zinapotosha watu. Jabal Shams kiutawala uko wilaya ya Al Hamra.

Kwenye ramani ya simu utaona Sayq na Jabal Shams ni hapo na hapo. Katikati kuna makorongo ambayo gari la wageni halikatizi. Unashuka mpaka Birkat al-Mawz, kijiji cha chini ya mlima, unapita Nizwa, unafika Al Hamra, ndipo unaanza kupanda upya. Lala usiku mmoja huku na mmoja kule! Wanaokataa ushauri huu huliona jua likizama wakiwa bado barabarani.

Wengine huniuliza msitu uko wapi, kwa kuwa akhdar kwa Kiarabu ni kijani. Mlima wenyewe ni mawe ya kijivu na kahawia. Kijani ni matuta ya Al Aqr na Ash Shirayja, makomamanga na mawaridi yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaj, na mawaridi huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Ukungu na manyunyu ya kiangazi mnayoyaona kwenye video ni ya Dhofar, zaidi ya kilomita 800 kusini.

Na wilaya niliyoitaja juu si mkoa, msichanganye. Algeria ndiyo, wilaya yao ni mkoa. Oman mkoa ni muhafadha, ipo 11, na Dakhiliya ina wilaya tisa, bila hata hatua moja ya pwani.

Gari dogo? Lami ipo, lakini polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz wanarudisha kila gari lisiloendeshwa kwa magurudumu manne, na wana haki. Mteremko ule hushukwa kwa gia ya kwanza au ya pili. Anayekalia breki huzichoma.

Koti chukua. Usiku wa Januari pale Sayq maji huweza kuganda.