Kabla ya Kusema ni Mawazo, Pima Sukari

Katika kliniki za kisukari kuna lalamiko lisiloisha: "Daktari, sijala kitu kibaya, mbona sukari imepanda?" Mara nyingi mgonjwa anasema kweli. Jana yake alikula ugali wa kiasi na mboga za majani, akameza dawa kwa wakati, na bado asubuhi mashine imesoma 13 (namba zote hapa ni za mmol/L). Ukimdadisi taratibu ndipo inajulikana kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, au kuna msiba, au mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mambo hayo hayaandikwi kwenye daftari la sukari, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kasoro kubwa ya madaftari yetu. Tunamuuliza mtu alikula nini, hatumuulizi alilalaje.

Mtu akishikwa na hofu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Homoni hizo huliamuru ini kutoa sukari iliyokuwa akiba, ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupambana. Kwa asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na sukari hushuka bila yeye kujua chochote. Kwa mwenye kisukari insulini hiyo haipo, au ipo lakini mwili umekuwa sugu kwake. Kotisoli ikikaa juu kwa wiki kadhaa, kama inavyotokea kwa anayeuguza mzazi au anayeandamwa na deni, usugu huo huongezeka. Ndiyo maana sukari inaweza kupanda hata kwa mtu aliyeshinda na njaa. Wenye kisukari cha aina ya kwanza hutofautiana: wapo wanaopanda, wapo wanaoshuka, hivyo inabidi kila mmoja aujue mwili wake.

Wengine huuliza kama mawazo ndiyo yaliyowaletea kisukari. Swali hilo ni kongwe. Thomas Willis, daktari Mwingereza wa karne ya 17, aliutaja ugonjwa huu kuwa tunda la huzuni ya muda mrefu. Leo tunajua kwamba aina ya kwanza hutokana na kinga ya mwili kushambulia kongosho, na aina ya pili ina mizizi katika urithi, umri, uzito na kukaa bila mazoezi. Msongo unaweza kuchangia, na mara nyingi huufichua ugonjwa uliokuwepo kimyakimya. Nalisema hili kwa sababu zipo familia zinazogombana kabisa, mtoto fulani au mume fulani akitajwa kuwa ndiye "aliyempa mama sukari". Lawama hizo humwongezea mama msongo, basi.

Jambo linalonifanya niandike makala hii ni lingine, na lina hatari zaidi. Wasiwasi na kushuka kwa sukari hufanana mno. Moyo kwenda mbio, jasho jembamba, mikono kutetemeka, midomo kufa ganzi, kichwa chepesi, hofu isiyo na sababu: dalili zote hizi zinaweza kuwa za hali yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu adrenalini ni ileile. Mwenye sukari iliyoshuka akiambiwa "tulia, ni mawazo tu", anaweza kupoteza fahamu huku watu wakimpepea. Naye mwenye wasiwasi akikimbilia soda kila moyo unapodunda, sukari yake itakuwa juu mwezi mzima na hataelewa kwa nini.

Dawa ya utata huo ni kupima. Mashine ikisoma chini ya 4, hiyo ni sukari iliyoshuka. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Chokoleti haifai hapa kwa kuwa mafuta yake huichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado ni chini ya 4, rudia. Ikishapanda, kula kitu kama kipande cha mkate au kiazi. Kama mashine haipo na unatumia insulini au glibenklamidi, vidonge vinavyoweza kuishusha sukari kupita kiasi, chukulia kuwa sukari imeshuka na unywe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Mlaze kwa ubavu na umwahishe hospitali. Anayetumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kushukiwa na sukari, na kwake wasiwasi una uwezekano mkubwa zaidi.

Wapo wanaozisikia dalili zote hizo na mashine inasoma 8. Hawa hawadanganyi. Mwili uliozoea kuishi kwenye 17 au 20 kwa miezi huiona 8 kama njaa kali na kupiga kengele. Hali hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita na mwili unavyozoea kiwango kipya. Usiongeze sukari, kaa chini, pumzika, kisha pima tena.

Tahadhari mbili hapa. Wanaotumia propranololi, dawa wanayopewa baadhi ya watu kwa presha au kutetemeka, wanaweza wasisikie moyo kwenda mbio sukari inaposhuka. Jasho ndilo hubaki kuwa dalili. Pili, mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua. Kwa hiyo jasho la ghafla, pumzi kubana au kichefuchefu, huku sukari ikiwa sawa, si jambo la kupuuza kwa kusingizia wasiwasi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Aliyewahi kushukiwa na sukari usingizini hubaki na hofu. Wapo wanaoruka sindano ya jioni au kula sahani ya pili saa tano usiku ili "wasife wamelala". Ukimkemea mtu huyu kwa namba zake, humsaidii. Anahitaji kipimo cha dawa kiangaliwe upya, ajue namna ya kupima kabla ya kulala, na aliye naye chumbani afundishwe la kufanya.

Kuna pia kuchoshwa na kisukari chenyewe: kupima, kuchoma, kuhesabu, kununua stripu za kupimia, kila siku, bila likizo. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Mmarekani William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la kupima mzigo huo, kwa sababu waliona si lazima mtu awe na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, ndipo aelemewe. Nyumbani mzigo huongezwa na walinzi wa sahani. Shemeji anauliza mbele ya wageni, "Hivyo viazi unaruhusiwa kweli?" na mgonjwa anaanza kula kwa kujificha. Ndugu, kama mnataka kusaidia, pikeni chakula kimoja cha nyumba nzima na mumsindikize kutembea jioni.

Kutembea huko kuna faida maradufu: misuli hutumia sukari na akili hupata nafuu. Dakika 30 kwa siku tano za wiki zinatosha. Pumzi za polepole, kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hutuliza moyo ndani ya dakika chache. Usingizi usichezewe. Pombe ya kutuliza mawazo ni mtego, kwa kuwa hulizuia ini kutoa sukari na inaweza kukushusha sukari saa nyingi baadaye, umelala. Kwenye daftari ongeza safu moja ya maneno mawili matatu: "msiba", "sikulala", "nimegombana". Daktari akiiona, hatakimbilia kuongeza dawa. Na wewe usijiongezee insulini kwa sababu ya siku moja mbaya.

Sonona huwapata wenye kisukari karibu mara mbili zaidi ya wengine. Jiulize: katika wiki mbili zilizopita, je, siku nyingi nimekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, nimepoteza hamu ya mambo niliyokuwa nayapenda? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, liseme kliniki hata usipoulizwa. Dawa zipo na ushauri nasaha upo. Kiongozi wako wa dini anaweza kuwa msaada pia, mradi asikuambie uache insulini. Ukiandikiwa dawa, mtajie daktari kisukari chako, maana baadhi, kama amitriptilini, zinaweza kuongeza hamu ya kula na uzito. Na ikiwa umefika mahali pa kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo, nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, na insulini yako akutunzie mwingine, akupe dozi kwa wakati wake.