Dawa ya mafua ya mitishamba ikifika maabara

Kipupwe kikiingia na upepo wa vumbi kuvuma Dodoma, chupa za dawa ya mafua na kikohozi huongezeka sokoni na minadani. Swali la wenye dawa huwa moja: inaua virusi au haiui?

Sampuli nzuri ni tawi lenye majani na maua au matunda, pamoja na sehemu inayotumika kama dawa. Unga mtupu haumwonyeshi mtaalamu wa mimea ni mti gani. Anika kivulini hadi ikauke kabisa. Ikifungwa na unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi.

Maabara huweza kuloweka gramu 100 za unga kwenye lita 1 ya ethanoli ya asilimia 70 kwa saa 72, kuchuja, kisha kuivukiza ethanoli kwa joto lisilozidi nyuzi 40. Lakini kama mgonjwa huchemshiwa kwa maji, ya maji nayo ipimwe. Vinginevyo imepimwa dawa nyingine. (Kujifukiza ni habari tofauti kabisa: mvuke hubeba zaidi mafuta yenye harufu, si kila kilichomo chunguni.)

Kabla ya virusi, dawa hujaribiwa kwenye seli peke yake, ndani ya kisahani cha vishimo 96, kwa nyuzi 37. Seli zikifa, virusi navyo hukosa pa kuzaliana, na dawa huonekana imeshinda kumbe ni sumu. Ndiyo maana namba zinazotakiwa ni mbili: kipimo kinachoua nusu ya seli na kipimo kinachozuia nusu ya virusi. Tuseme ya kwanza ni mikrogramu 80 kwa mililita, ya pili 50. Gawanya: 1.6, dawa dhaifu. Ingekuwa 400 kwa 20, jibu ni 20. Watafiti wengi huanza kuvutiwa kuanzia 10.

Mkwaju na ubuyu hudanganya kwa njia yao. Zina tindikali, na virusi vya influenza huharibika kwenye tindikali. Maji ya kulishia seli yakigeuka kutoka wekundu kuwa njano, rekebisha pH (kipimo cha ukali wa tindikali) ifike 7.2 hadi 7.4 ndipo urudie. Magome yenye tanini hugandisha protini, hivyo hunasa virusi kishimoni bila kuwa na uwezo huo mwilini. Kwa hiyo dawa itiwe pia baada ya virusi kuingia kwenye seli, isichanganywe navyo mapema tu. Hata sabuni ingefaulu jaribio la kuchanganya mapema.

Rangi nayo ina hila. MTT, rangi ya kupimia kama seli ziko hai, ni ya njano; seli hai huigeuza zambarau, lakini baadhi ya mimea huigeuza bila seli yoyote. Weka vishimo vya dawa bila seli, vya seli bila dawa, vya kiyeyushi (kimiminika kilichoyeyushia dawa) peke yake, na vya dawa inayojulikana. Kwa influenza tumia oseltamivir karboksileti, kwa kuwa oseltamivir ya kidonge hugeuzwa kuwa dawa kamili na ini, na kishimoni hakuna ini.

Matokeo mazuri hayaruhusu kuandika "inatibu" kwenye chupa. Usajili wa dawa asili uko chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002.