Kwa nini mpira wa mlango wa gari haupasuki kama rababendi?

Vuta rababendi kwenye nondo ya dirisha uiache hapo juani. Baada ya muda utaikuta imejaa nyufa, na ukiigusa inakatika. Sasa bonyeza mpira unaozunguka mlango wa gari lililopigwa jua na mvua miaka kumi: mara nyingi bado unabonyea. Vyote viwili tunaviita mpira, sasa tofauti iko wapi?

Rababendi kwa kawaida hutokana na utomvu wa mti wa mpira. Molekuli zake ni nyuzi ndefu za kaboni, na kila baada ya hatua chache kuna atomi mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu. Ungedhani hapo ndipo penye nguvu, kumbe ndipo adui anapopitia. Adui mwenyewe ni ozoni, gesi ile ile inayotukinga na jua huko juu angani. Ipo pia kwenye hewa tunayovuta, na sehemu chache tu katika milioni mia moja za hewa zinatosha kukata uzi kwenye kifungo hicho. Mpira ukiwa umevutwa, mkato huo hufunguka na kuwa ufa. Ndiyo maana nyufa zake hukingama na upande unaovutwa.

Mpira wa mlango mara nyingi ni EPDM, unaotengenezwa kwa ethilini na propilini. Njia ya kuziunganisha ilitokana na kazi ya Karl Ziegler wa Ujerumani na Giulio Natta wa Italia, waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1963. Uti wa mgongo wa EPDM hauna kifungo maradufu hata kimoja. Vichache vilivyomo huletwa na kiambato cha tatu kiitwacho dieni, ile D ya jina, navyo vinaning'inia pembeni ili salfa, inayofunga nyuzi pamoja, ipate pa kushika mpira unapopikwa. Ozoni ikila tawi, shina linabaki zima. Wengi hudhani M ni ya monoma, yaani molekuli ndogo zinazoungana kuwa uzi. Kumbe huonyesha kundi la mipira yenye shina lisilo na vifungo hivyo. Jibu letu limo kwenye jina! Masizi meusi yanayochanganywa humo nayo huzuia mionzi ya urujuanimno.

Kwa hiyo utaukuta kwenye mapaa bapa, hozi za rejeta na gasketi za mabomba ya maji. Hubaki laini hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Ila usiupe petroli wala oili, kwani hunywa na kuvimba. Mipira ya breki za magari mengi ni EPDM, maana mafuta ya kawaida ya breki ni ya glikoli na hayaudhuru. Fundi akiiosha kwa petroli, au akijazia oili ya injini kwenye kikopo cha breki, mipira itavimba na breki zitang'ang'ania. Kwa njia ya petroli hutumika mpira mwingine, wa naitraili.