Ulemavu wa akili kituoni na kortini: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Amekiri, basi ndiye."
Hapa ndipo kesi nyingi huharibika. Mtu mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hujibu "ndiyo" ili maswali yaishe au amridhishe anayemuuliza. Muulize, "Ulikuwa dukani?" Ndiyo. Ngoja kidogo, kisha: "Hukuwa dukani, sivyo?" Ndiyo vilevile. Huko Virginia, Marekani, Earl Washington, mwenye ulemavu wa akili, alikiri mauaji mwaka 1983. Alisema mwanamke aliyeuawa alikuwa mweusi, kumbe alikuwa mzungu, tena alikuwa amedungwa kisu mara 38, si mara mbili au tatu alizotaja yeye. Wakamhukumu kifo hivyo hivyo. Mwaka 1985 zilibaki siku tisa auawe. Mawakili wakazuia asiuawe; baadaye kipimo cha DNA kilimwondolea hatia, akasamehewa kabisa mwaka 2000.

Nchini Kenya, kifungu 25A cha Sheria ya Ushahidi hakimruhusu mchunguzi wa kesi kuchukua ungamo. Huchukuliwa na jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa, akiwepo mtu aliyechaguliwa na mshukiwa. Afadhali awe mlezi anayezijua kauli zake. Na mshukiwa asiulizwe "Umeelewa?" Aambiwe aeleze haki zake kwa maneno yake mwenyewe.

"Ni wazimu, apelekwe Mathari."
Mathari ni hospitali ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi. Ugonjwa wa akili unaweza kuanza ukubwani na kutulizwa kwa dawa. Ulemavu wa akili huanza utotoni na hauna kidonge. Daktari akiulizwa tu kama mshukiwa ni timamu, ataandika "timamu" na kesi itaendelea bila msaada wowote. Wakili aombe ripoti inayogusa uelewa, kumbukumbu na lugha, na familia ilete rekodi za shule. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu kuzuiliwa kwa hiari ya Rais, bila tarehe ya kutoka, akingojewa apone kisichopona.

"Hawezi kutoa ushahidi."
Anaweza, mradi aelewe maswali na majibu yake yawe na mantiki. Katiba, ibara ya 50(7), inairuhusu korti kumpa mlalamishi au mshtakiwa mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana. Katika kesi za ubakaji, mtu huyo anaweza kumwambia hakimu shahidi amechoka na kuomba mapumziko. Ila korti haimtii mtu hatiani kwa maneno ya mtu wa kati peke yake, kwa hiyo fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha aliyoyaona, ijazwe mapema, na nguo zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.