Kabla hujaleta antena ya UWB kupimwa

Msimu wa miradi ya mwisho vyuoni umefika, na meza yetu ya vipimo imejaa antena ndogo za UWB, yaani redio ya mkanda mpana sana wa masafa. Tunafurahi. Ila kauli ni ileile kila mwaka: "Nguvu yake ndogo, haimsumbui mtu, kibali cha nini?"

Nguvu ni ndogo kweli. Kikomo cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, cha mwaka 2002, ambacho wabunifu wengi hukifuata, ni dBm -41.3 (dBm ni nguvu ikilinganishwa na miliwati moja) kwa kila megahezi, kati ya gigahezi 3.1 na 10.6. Jumlisha mkanda wote, hupati hata miliwati moja. Hata hivyo kanuni hizohizo zinakataza UWB kuendesha vitu vya kuchezea watoto. Udogo haujawahi kuwa ruhusa.

Sasa waifai ya ukutani hutoa makumi ya miliwati, tena ndani ya mkanda huohuo, gigahezi 5.15 hadi 5.825. Nani anamzidi nani? Mwanya unaouchonga kwenye antena ili iyaache masafa ya waifai unakilinda kipokezi chako kabla haujamlinda jirani.

Mwanya wa umbo la U huwa na urefu wa nusu wimbi. Kwenye FR4, bodi ya kawaida ya saketi, kwa gigahezi 5.5, ni kama milimita 16.6. Mkondo hujikusanya kwenye kingo zake na antena hairushi tena masafa hayo. Juzi tulipokea bodi yenye mwanya wa milimita 15.6. Milimita moja tu, na kitovu cha masafa yanayozuiwa kikahamia karibu gigahezi 5.85, nje ya waifai kabisa. Mwenyewe alikuwa na grafu nzuri ya kompyuta. Grafu ya kompyuta si kipimo, jamani! Na S11, kipimo cha ishara inayorudishwa na antena, peke yake haitoshi. Tunataka kuona ongezo la antena (gain, yaani jinsi inavyokazia nguvu upande mmoja) likishuka pale penye mwanya.

Ukitaka kuuza kifaa, si antena tu, kinapaswa kuidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, kwanza, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Ombi liende na maelezo ya kiufundi pamoja na ripoti ya vipimo. Jina la kifaa kwenye ombi, kwenye ripoti na kwenye lebo liwe moja, herufi kwa herufi. Ukibadilisha antena baada ya vipimo, ripoti ile haikihusu tena kifaa chako. Kuingiza sokoni kisichoidhinishwa ni kosa kisheria, hata ukiwa mwanafunzi.

Na kiunganishi cha SMA, kile cha kufungia kebo ya vipimo, kije kimeshalehemiwa. Sisi hatulehemu.