Huenda Soksi ya Pili Ndiyo Inayokugandisha

Kila msimu wa baridi ukianza, lazima nimpate mwanafunzi anayeshuka kwenye farasi kisha anashika ukuta, maana nyayo zimekufa ganzi na hajui kama amekanyaga chini au la. Nikimwambia avue mabuti, nakuta yaleyale: soksi mbili nene za pamba, mara nyingine tatu, zimesokomezwa ndani ya buti ambalo hata kwa soksi moja lilikuwa linambana. Vidole vimekuwa vyeupe na mshono wa soksi umejichora kwenye ngozi. Mtu amejitahidi kujikinga, na kinga yenyewe ndiyo imemuumiza. Huwa inanisikitisha, kwa sababu wengi wao huacha kupanda hadi baridi ipite wakiamini kwamba miili yao haiwezi.

Mwili unaweza. Nimefundisha kazi hii miaka mingi, kwenye barafu na kwenye upepo, na naamini kwamba mguu wa mpanda farasi unahitaji nafasi na ukavu kwanza, unene baadaye.

Mtembea kwa miguu na mpanda farasi hawapati baridi kwa namna moja. Anayetembea, misuli ya mashavu ya miguu yake inakaza na kulegea kila hatua, na kila inapokaza inasukuma damu kurudi juu. Ukiwa juu ya tandiko, shavu la mguu limetulia ubavuni mwa farasi, kisigino kimeshuka, na uzito wa mguu umeegemea kikuku, ile pete ya chuma unamoingiza wayo. Chuma hicho kimelala usiku kucha kwenye baridi, na kinakaa palepale chini ya sehemu pana ya wayo, karibu kabisa na vidole. Wakati huohuo mwili ukihisi baridi hubana mishipa midogo ya damu ya mikono na miguu, ili joto libaki kifuani na tumboni kwenye viungo vya uhai. Kwa hiyo vidole vyako vinapokea damu kidogo hata kabla hujavaa chochote. Ukivibana tena kwa buti, umefunga mlango wa mwisho.

Soksi haina moto wake. Joto linaletwa na damu, soksi inalitunza tu, na inalitunza kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Ikandamize, hewa hiyo inatoka, na unabaki na kitambaa kizito kisichokusaidia. Ndiyo maana soksi ya pili inaweza kuongeza baridi badala ya kuipunguza.

Adui mwingine ni unyevu. Maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia, na pamba ni mnywaji mkubwa wa maji: inanyonya jasho, inalikumbatia, haikauki upesi. Sufu hufanya kazi tofauti. Nyuzi zake zinaweza kuhifadhi unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba zimelowa, na hata zikiwa na unyevu bado zina hewa ndani kwa sababu zimejikunjakunja kiasili. Sufu ya merino, inayotoka kwa kondoo wa aina hiyo, ina nyuzi nyembamba kiasi kwamba haiwashi, na kwa mguu wa mpanda farasi sijaona kitu kinachoishinda.

Ninachovaa mimi ni soksi nyembamba sana ya hariri au poliesta kwenye ngozi, halafu soksi moja ya merino inayofika chini kidogo ya goti. Soksi fupi inateleza, inajikusanya kifundoni na kutengeneza kidonda. Kama buti halipokei zote mbili kwa raha, naacha ile nyembamba. Kipimo ni rahisi: ukiwa umeshavaa kila kitu na umesimama, chezesha vidole vyote. Visipochezeka, punguza. Na angalia ukingo wa juu wa soksi. Ukiacha mfereji kwenye ngozi chini ya goti, basi inakaba damu huko juu na huko chini hakuna kitakachokuokoa.

Kuna tabia moja ambayo imewasaidia wanafunzi wangu kuliko mabuti yote ya ghali niliyowahi kuona, nayo ni kubadilisha soksi dakika tano kabla ya kupanda. Fikiria unachofanya kabla ya hapo. Umezoa samadi, umebeba ndoo za maji, umempiga farasi brashi, umeinua tandiko. Miguu imetoka jasho ingawa hukuhisi. Ukipanda na soksi hizohizo, jasho hilo linageuka kuwa baridi mara tu unapoacha kutembea. Fanya kazi za bandani na mabuti mengine na soksi nyingine, kisha kausha miguu na uvae zile za kupandia.

Kuhusu mabuti, usalama unatangulia joto, na hapa huwa sibembelezi mtu. Buti la theluji lenye soli nene ya meno makubwa halifai kikuku. Meno yanashika, na buti pana linaweza kukwama. Mpanda akianguka mguu ukiwa umenasa, farasi humburuta. Buti la kupandia liwe na soli laini au yenye mikwaruzo midogo tu, na kisigino cha karibu sentimita 2.5 cha kuzuia wayo usipenye mpaka upande wa pili. Kikuku nacho kiwe kipana kuliko buti kwa karibu sentimita hizohizo 2.5, yaani nafasi ya kidole kimoja kila upande. Watu wengi hununua mabuti ya baridi, ambayo ni mapana zaidi, halafu wanaendelea na vikuku vilevile. Pima upya. Na kwa kuwa soli ya baridi ni nene, shusha ukanda wa kikuku tundu moja, la sivyo goti litapanda juu na utakaa kama mtu aliye kwenye kigoda.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazopandia. Kaa, kunja goti, inua mguu kana kwamba unapanda. Likikukata nyuma ya goti dukani, litakukata mara kumi zaidi kwenye troti, ule mwendo wa farasi wa kudundadunda. Bitana la manyoya ya kondoo au felti, yaani kitambaa kinene cha sufu iliyogandamizwa, ni zuri mno, lakini linakula nafasi, kwa hiyo namba ya kiatu chako cha kawaida si mwongozo tena. Soli ya ndani ya felti hukinga vizuri ile baridi ya chuma. Gambuti za mpira ziache bandani: hazipitishi jasho, nyingi ni pana mno kwa kikuku, na zinapoa haraka.

Sasa tupande juu kwenye mapaja, ambako watu hawaangalii kabisa.

Joto la mwili wa farasi mwenye afya ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 za Selsiasi. Upande wa ndani wa mashavu ya miguu yako umelala karibu na jiko linalotembea. Mwanzoni utahisi ubaridi wa tandiko, baadaye huko ndani hakutakusumbua. Kinachoteseka ni mbele ya mapaja, magoti na upande wa nje wa paja. Hizo ndizo sehemu zinazopasua upepo, na upepo mwingine unautengeneza mwenyewe kwa mwendo. Hewa ikiwa nyuzi 0 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Farasi kwenye kanta, yaani mbio za wastani, anaweza kufikia mwendo huo bila hata jani moja kutikisika mtini, na akipiga shoti anaupita mbali.

Mwaka 1980 madaktari wa ngozi walieleza maradhi waliyoyakuta kwa wanawake vijana wenye afya njema, waliokuwa wakipanda farasi kwa saa nyingi kila siku wakati wa baridi. Walitokwa na mabaka na mavimbe mekundu yanayoelekea zambarau, yenye kuuma na kuwasha, upande wa nje wa mapaja. Tabaka la mafuta chini ya ngozi lilikuwa limepata uvimbe kwa sababu ya baridi. Suruali za kubana zinatajwa miongoni mwa vichochezi, kwa kuwa zinapunguza mzunguko wa damu na hazikingi upepo. Nimewaona wapanda farasi wenye mabaka hayo wakidhani ni mzio wa sabuni ya kufulia. Ukiyaona kwako, acha kubana, kinga mapaja na upepo, na yasipoondoka mwone daktari.

Kwa hiyo suruali ya baridi naichagua kwa kuangalia mbele, siyo ndani. Natafuta kitambaa chenye utando wa kuzuia upepo mbele ya mapaja na magotini, bitana jepesi la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya mafupi, na upande wa ndani wa goti pawe pembamba, bila mshono mnene. Pale ndipo mguu unapozungumza na farasi. Ukiweka godoro katikati, farasi hasikii unachomwambia, nawe utaanza kupiga teke pale ambapo kukandamiza kidogo kungetosha. Hilo halimtendei haki mnyama ambaye hana kosa. Viraka vya silikoni au ngozi laini kwenye makalio husaidia ukiwa umevaa vitambaa vingi, maana vitambaa huteleza vyenyewe kwa vyenyewe.

Suruali ya kupandia yenyewe ina somo la nafasi. Zile zilizopanuka mapajani na kubana kuanzia goti hadi kifundoni zilitoka Jodhpur, India, ndiyo maana zinaitwa jodpuri, na zilijulikana sana Uingereza baada ya Pratap Singh, mwanamfalme wa Jodhpur, kufika huko mwaka 1897 na wachezaji wake wa polo, mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi. Vitambaa vya wakati ule havikuvutika, hivyo paja lilihitaji upana ili mtu aweze kukunja goti. Leo tuna nyuzi zinazovutika na tumesahau upana ule, ila kwenye baridi ningependa tuukumbuke kidogo.

Chini ya suruali, taiti nyembamba ya merino au hariri inatosha siku nyingi. Iwe ya kukaa mwilini bila kukaba, na ichunguze mishono ya ndani ya paja kabla ya kuipenda rangi. Wengine huvaa stokingi za nailoni, wanaume kwa wanawake, na wana sababu: hazichukui nafasi na hupunguza msuguano.

Siku kali kabisa naongeza kitu juu, kuliko kuongeza chini. Wachunga ng'ombe wa nyanda za kaskazini za Marekani, kule Montana na Wyoming, walilijua hili mwishoni mwa karne ya 19. Walivaa chapsi, zile ngozi za kufunika miguu juu ya suruali, ila zao zilikuwa za kondoo au mbuzi na manyoya yameachwa nje. Upepo ulikwama kwenye manyoya na paja likabaki na hewa yake. Chapsi nusu za leo, za kuanzia kifundoni hadi gotini, ni msaada mkubwa kwa anayepanda na buti fupi. Suruali pana ya mvua yenye zipu pande zote inafaa pia, lakini mzoeshe farasi mlio wake ukiwa chini kwanza. Kitambaa kinachochakarika juu ya mgongo wake kinaweza kumtoa roho, na juu ya tandiko la ngozi kinateleza.

Soksi zinazopashwa joto kwa betri zinafanya kazi. Nawashauri hasa wale ambao vidole vyao hugeuka vyeupe kisha vya buluu kwa baridi ndogo tu, ila ziwashwe kwa kiwango cha chini mapema, kabla vidole havijapoa. Mtu mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asizitumie bila kuzungumza na daktari, kwani anaweza kuungua asijue. Vile vifuko vya unga wa chuma vinavyotoa joto vinahitaji oksijeni, na ndani ya buti lililobana hewa ni ndogo, kwa hiyo tafuta vilivyotengenezwa kwa ajili ya viatu na vibandike juu ya soksi, kamwe siyo kwenye ngozi.

Ukiwa njiani na vidole vikaanza kuuma, toa miguu kwenye vikuku wakati farasi anatembea taratibu, uiache ining'inie na uzungushe vifundo. Shinikizo likiondoka, damu inarudi. Ikishindikana, shuka utembee naye dakika kumi, misuli ya miguu ifanye kazi yake. Naye atafurahi kupumzishwa mgongo. Usingoje ganzi. Maumivu yakikoma ghafla bila wewe kupata joto, hiyo si nafuu, ni hisia zinazopotea, na hapo ni kurudi nyumbani.

Na ukishuka miguu ikiwa imekufa ganzi, usiruke. Toa miguu yote miwili kwenye vikuku, lala na tumbo juu ya tandiko, teleza polepole huku umeshika, magoti yamekunjwa, uguse chini kama unayeshuka ndani ya maji usiyoyajua kina. Simama hapohapo ukiwa umemwegemea farasi mpaka uzisikie nyayo zako, kisha mtembee.