Kwa nini muuguzi hashushi sukari ya mgonjwa mahututi hadi iwe ya kawaida?

Kipimo cha sukari kinasoma milimoli 9.2 kwa lita. Muuguzi anaandika namba hiyo kwenye chati na haongezi insulini. Ndugu wa mgonjwa anashtuka: hiyo si sukari ya juu?

Ni ya juu kwa mtu mwenye afya, na mimi pia niliamini kwa miaka mingi kwamba mgonjwa mahututi anapaswa kurudishwa kwenye kiwango cha mtu mwenye afya. Imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 2001, utafiti wa Leuven, Ubelgiji, uliwahusisha wagonjwa 1,548 wa upasuaji waliokuwa wakipumulia mashine. Kwa wale ambao sukari yao ilibanwa kwa insulini kati ya milimoli 4.4 na 6.1 kwa lita, vifo katika chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) vilikuwa asilimia 4.6, kwa wengine, 8. Hospitali nyingi zikafuata mkondo. Mwaka 2009 ukaja utafiti wa NICE-SUGAR, wagonjwa 6,104, na picha ikageuka: katika siku 90 walikufa asilimia 27.5 ya waliobanwa, dhidi ya 24.9 ya walioachiwa hadi milimoli 10. Sukari ilishuka vibaya kwa asilimia 6.8 ya kundi la kwanza. Kwa la pili, 0.5 tu.

Fikiria unatembea usiku kando ya korongo, na tochi unaiwasha mara moja tu kwa saa. Ukipita hatua moja kutoka ukingoni, kosa dogo linakutumbukiza. Ukipita hatua tano, una nafasi ya kujirekebisha. Tochi ni kipimo, korongo ni sukari kushuka mno. Mtu aliye macho angetokwa jasho, angetetemeka, angesema anajisikia vibaya. Aliyelazwa usingizi kwa dawa hasemi kitu, na ubongo wake unakosa chakula kimyakimya.

Tofauti ya Leuven huenda ilitokana na lishe: wagonjwa wake walipewa sukari nyingi mapema kupitia mshipa. Utafiti mwingine wa Ubelgiji wa mwaka 2023, wenye wagonjwa 9,230 ambao hawakupewa lishe hiyo mapema, haukuona kwamba kubana kunawatoa ICU haraka zaidi wala kupunguza vifo.

Ndiyo maana lengo la kawaida sasa ni milimoli 7.8 hadi 10. Lakini namba peke yake haimlindi mtu. Mgonjwa anapelekwa kupigwa picha, chakula cha mpirani kinasimamishwa, dripu ya insulini inaendelea kutona: hapo ndipo hatari ilipo. Mwongozo mzuri unamwambia muuguzi waziwazi kwamba mkono unaofunga chakula upunguze au ufunge na insulini, kisha sukari ipimwe upya. Na mgonjwa akiwa katika mshtuko (shock), yaani damu haimfikii mwilini vya kutosha, mikono ya baridi, damu ichukuliwe kwenye ateri, kwani ya kidoleni inaweza kudanganya.